Kumpinga Ibilisi bila kumwinda jirani: Somo kutoka Nyanda za Juu Kusini

KATIKA miji ya Mbeya na Iringa, jina la Shetani halitajwi kanisani peke yake. Hutajwa ndani ya daladala zinazopanda kuelekea Uyole, hutajwa sokoni mama muuza nyanya anapohesabu mauzo ya siku na kukuta fedha hazitimii, na hutajwa usiku kucha katika mikesha ya maombi ambayo sauti zake huvuka ukuta wa nyumba hadi nyumba.

Biashara ikianguka, Shetani anatajwa. Kijana akizama katika ulevi wa ulanzi au komoni, Shetani anatajwa. Ndoa ikivunjika, mtoto akiugua ghafla, mwanafunzi akishindwa mtihani, wapo watakaosema kwamba ni kazi ya yule mwovu.

Mkristo ameagizwa ampinge Ibilisi. Juu ya agizo hilo hakuna ubishi baina ya Mkatoliki, Mlutheri, Mmoraviani, Mwanglikana na Mpentekoste. Ubishi huanza pale tunapouliza: kumpinga kwa namna gani, na huyo anayepingwa yuko wapi hasa?

Ndugu msomaji, swali hili si la wanatheolojia tu. Katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini jibu potofu limewahi kugharimu uhai wa vikongwe na wa watoto wadogo. Makala haya yanajaribu kueleza agizo hilo lilivyofika hapa, Maandiko yanasema nini juu yake, na Mkristo wa mjini anaweza kulitimiza vipi kati ya Jumatatu na Jumamosi.

Chatu wa tumboni

Wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Chama cha Misioni cha Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wamoraviani, akiwamo Theodor Meyer, walijenga kituo chao Rungwe. Watu wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza kazi upande wa Konde na baadaye wakaenea hadi nchi za Wabena na Wahehe. Kwa upande wa Iringa, Wabenediktini Wakatoliki walifungua Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1919 kazi hiyo ikaendelezwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia.

Wageni hao hawakukuta watu wasiojua uovu. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya imani za wenyeji. Mchawi alisadikiwa kuwa na chatu tumboni mwake, aliyemsukuma kutamani nyama na maziwa ya wenzake. Katika kila kijiji walikuwapo walinzi, walioitwa abamanga, ambao iliaminika kwamba waliwaona wachawi katika ndoto na kupambana nao usiku.

Liko jambo jingine ambalo Monica Wilson alilitilia mkazo sana, nalo linastahili kukumbukwa leo. Kwa Wanyakyusa, shina la uchawi na la misiba mingi lilikuwa hasira iliyofichwa moyoni. Ndugu waliogombana walitakiwa kusema wazi kinachowauma kabla ya kufanya matambiko pamoja, na kutemwa kwa maji kulikuwa ishara ya kuitoa hasira hiyo nje. Aliyenyamaza huku kifua kimejaa kinyongo ndiye aliyeogopwa.

Kwa hiyo mhubiri alipokuja na habari za Shetani, msikilizaji alikuwa tayari na picha mbili kichwani. Ya kwanza ni ya uovu unaokaa ndani ya moyo wa kila mtu, ambao dawa yake ni kuungama na kupatana. Ya pili ni ya uovu unaokaa ndani ya mtu fulani, kwa kawaida ndugu au jirani, ambao dawa yake ni kumfichua na kumwondoa.

Picha hizo mbili zingali zinaishi pamoja katika makanisa yetu. Historia inaonyesha kwamba matokeo hutegemea ni ipi kati yake imeshika usukani.

Maandiko yanasema nini

Mahali panapotajwa zaidi ni Waraka wa Yakobo, sura ya nne, mstari wa saba, ambapo waumini wanaambiwa wajinyenyekeze mbele za Mungu na kumpinga Ibilisi, naye atawakimbia. Mstari huo huchapwa kwenye mabango ya mikutano na hata nyuma ya mabasi. Ni wachache, hata hivyo, wanaosoma kilichoutangulia na kinachoufuata.

Sura hiyo inaanza kwa kuuliza vita na magomvi yaliyo kati ya waumini yanatoka wapi, na jibu lake ni kwamba yanatoka katika tamaa zao wenyewe. Kisha unakuja mwito wa kuacha kiburi. Baada ya agizo la kumpinga Ibilisi, Yakobo anawataka waumini watakase mikono na mioyo yao, na mistari michache mbele anawakataza kusengenyana na kuhukumiana. Ndiyo kusema kwamba, kwa mujibu wa Yakobo, mtu anayemnong'onea mwenzake kwamba bibi wa nyumba ya tatu ni mchawi hajampinga Ibilisi bado.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tano, anamfananisha Ibilisi na simba anayezungukazunguka akitafuta windo. Anachowaagiza wasomaji wake ni kiasi na kukesha, maana yake ni kuwa na akili timamu na macho yaliyo wazi. Mstari unaotangulia unawataka wamwachie Mungu mahangaiko yao. Petro anajua kwamba mtu aliyejaa hofu huwindwa kwa urahisi.

Paulo naye, katika Waraka kwa Waefeso, sura ya sita, anatoa mfano wa askari aliyevaa silaha zote. Kabla ya kuzitaja silaha zenyewe anaweka sharti moja: adui tunayeshindana naye si binadamu. Kisha zinafuata kweli, haki, utayari wa kupeleka habari ya amani, imani, wokovu na neno la Mungu, na pamoja nazo maombi. Hakuna hata silaha moja katika orodha hiyo inayoweza kumjeruhi jirani.

Sura mbili kabla ya hapo, Waefeso inaeleza mlango ambao Ibilisi huutumia kuingia. Mlango huo ni hasira inayolala na mtu hadi kesho yake. Hapa mzee wa Kinyakyusa wa zama za kale na Mtume Paulo wangeelewana bila mkalimani. Mistari inayoizunguka nasaha hiyo inazungumzia kuacha uongo, na kumtaka aliyekuwa mwizi afanye kazi kwa mikono yake ili apate cha kumgawia mhitaji.

Upo pia mfano wa Yesu mwenyewe jangwani, kama unavyosimuliwa na Mathayo na Luka katika sura ya nne ya kila kitabu. Alijaribiwa kwa mkate akiwa na njaa, kwa mamlaka ya falme za dunia, na kwa umaarufu wa kujirusha kutoka juu ya hekalu. Mara zote tatu alijibu kwa Maandiko, na yote matatu yanatoka katika Kumbukumbu la Torati. Mkate, madaraka na sifa: si mambo mageni kwa mkazi wa mjini.

Ni kweli kwamba Injili zinasimulia pia Yesu akitoa pepo, na hapo ndipo makanisa ya kiroho yanapojenga huduma zao za ukombozi. Lakini msomaji makini ataona jambo moja. Katika simulizi hizo Yesu anamhudumia anayeteseka na kumrudisha nyumbani kwao. Hakuna hata moja anapouliza ni nani katika ukoo aliyemtuma pepo huyo.

Hata siku alipomwita Petro kwa jina la Shetani, kwa sababu alitaka kumzuia asiende kuteswa, hakumfukuza kundini. Alilikemea wazo, naye Petro akabaki kuwa mwanafunzi.

Makanisa yanavyofundisha

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, huwafundisha vijana wa kipaimara Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Katika maelezo yake juu ya ombi la kutotiwa majaribuni, Luther anataja maadui watatu, yaani Ibilisi, ulimwengu na mwili wetu wenyewe. Mafundisho hayo yanamzuia Mkristo asiseme kila kosa lake limefanywa na mwingine. Adui mmoja kati ya watatu anaamka naye kila asubuhi kitandani mwake.

Kwa Wakatoliki, kumkataa Shetani ni sehemu ya ibada ya ubatizo, na waumini huirudia ahadi hiyo kila mwaka katika Mkesha wa Pasaka. Kuhusu kumpunga pepo mtu anayedhaniwa kupagawa, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, inamkataza padri kufanya hivyo bila kibali maalumu cha askofu wake. Utaratibu mpya wa ibada hiyo, uliotolewa Januari 1999, unataka pia uangalifu ili mgonjwa asichukuliwe kuwa amepagawa.

Uangalifu huo una historia hapa nyumbani. Padri Felicien Nkwera, mzaliwa wa Nyanda za Juu Kusini na padri wa Jimbo la Njombe, alianza huduma ya maombezi na uponyaji mwishoni mwa miaka ya 1960. Huduma hiyo ilikua hadi kuwa na kituo chake Ubungo, Dar es Salaam, na ikawavuta maelfu ya watu. Mgogoro kati yake na maaskofu ulidumu kwa miaka mingi na kuwagawa waumini. Wenye kumuunga mkono waliona Kanisa limeacha kuwajali wanaosumbuliwa na nguvu za giza. Maaskofu waliona suala la utii na mafundisho.

Wamoraviani wana urithi wa namna nyingine. Tangu mwaka 1731 Kanisa lao huchapisha kitabu cha maneno ya Biblia kwa kila siku ya mwaka, desturi iliyoanzia Herrnhut nchini Ujerumani. Mahali hapo hapo, mwaka 1727, walianzisha zamu za maombi zilizoendelea kwa takriban miaka mia moja. Katika fikra hizo, kumpinga Ibilisi ni kazi ya pole pole ya kila asubuhi, na haihitaji kipaza sauti.

Wapentekoste husisitiza nguvu ya Roho Mtakatifu, kufunga, maombi ya mkesha na kuwekewa mikono. Wengi waliojiunga nao wanashuhudia kwamba waliacha pombe, waliacha kupiga wake zao na walianza kutunza fedha zao. Matunda ya namna hiyo hayapaswi kubezwa na yeyote.

Fedha zinazoyeyuka

Mfano mzuri wa vita hivi katika maisha ya kila siku ni kile kinachoitwa chuma ulete. Wafanyabiashara wengi wadogo huamini kwamba mtu mwenye nguvu za kichawi anaweza kulipa kwa noti iliyotiwa dawa, na noti hiyo ikarudi kwa mwenyewe ikiwa imezibeba fedha nyingine zilizokuwamo sandukuni.

Mtafiti kutoka Denmark, Martin Lindhardt, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika mji wa Iringa, aliandika mwaka 2009 jinsi Wakristo waliookoka wanavyolikabili jambo hilo. Huziombea fedha, hulitaja jina la Yesu juu ya biashara zao na kutoa sadaka, wakiamini kwamba fedha iliyowekwa mikononi mwa Mungu haiwezi kuibwa na nguvu za giza.

Mtu anaweza kucheka. Lakini nyuma ya imani hiyo upo uchungu wa kweli. Mama lishe au muuza mitumba anayeanza kazi alfajiri na kufunga jioni bila faida anataka maelezo. Kodi ya pango imepanda, mteja amekopa na hajarudi, ndugu wamekuja kuomba nauli. Fedha imekwenda, na hakuna mwizi aliyeonekana.

Tatizo ni kwamba jina la chuma ulete, mara nyingi, huishia kubandikwa mtu. Mteja mzee mwenye macho mekundu ananyimwa huduma. Mwenye duka la jirani anayepata wateja wengi anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Hapo sala iliyokusudiwa kumkataa Shetani inakuwa imekuza husuda, ambayo Maandiko yanaihesabu miongoni mwa matendo ya mwili.

Mchungaji mwenye busara anaweza kufanya mambo mawili kwa pamoja. Anaweza kumwombea muumini na biashara yake, kisha akamwuliza kama ana daftari la mauzo. Kumwomba Mungu na kuandika mahesabu havigombani, na mara nyingi daftari huonyesha kwamba fedha zilipita mlango wa mbele, kwa mkono wa mwenyewe.

Vita vinapogeuka damu

Miaka inayokaribia mwaka 2000 na iliyofuata, jina la Mbeya lilivuma vibaya nchini kutokana na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, ambayo yalihusishwa na biashara ya ushirikina wa kutafuta utajiri. Hofu ilienea hadi watu wakaogopa kutembea jioni.

Mapema mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Serikali ilitangaza kuwa watoto wapatao 10 walikuwa wametekwa na kuuawa, baadhi yao wakiwa wamekatwa viungo. Imani za kishirikina zilitajwa kuwa miongoni mwa sababu, na Jeshi la Polisi likawakamata watuhumiwa kadhaa.

Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaouawa kwa kudhaniwa wachawi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiandika vifo vya namna hiyo mwaka hadi mwaka, na Mbeya imo katika mikoa iliyotajwa. Wahanga wengi nchini ni wazee, hususan wanawake, ambao kosa lao ni uzee, upweke au macho mekundu ya moshi wa kuni.

Kati ya pande hizo mbili wamo wanaojiita wasafishaji. Katika miaka ya 1930 waganga waliojulikana kama mchapi walienea kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, wakiahidi kuumaliza uchawi kwa dawa ya kunywa. Miaka ya karibuni wamesikika lambalamba katika vijiji vya Mbeya na Songwe, wakitoza wananchi fedha ili wafichue wachawi wa kijiji. Majina hubadilika, ahadi ni ile ile, na baada ya kuondoka kwao kijiji hubaki kimegawanyika zaidi ya kilivyokuwa.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 na ambayo bado imo katika vitabu vya sheria vya Tanzania, inamwadhibu anayejitangaza kuwa na nguvu hizo au anayewatisha wengine kwazo. Lakini sheria haiwezi kufika mahali ambapo tuhuma huzaliwa. Tuhuma huzaliwa jikoni, kilabuni, msibani, na kwa bahati mbaya nyakati nyingine madhabahuni, mhubiri anapomwambia muumini kwamba adui yake ni mtu wa nyumbani mwake mwenyewe.

Maneno hayo, yakisemwa kwa sauti ya unabii mbele ya mtu aliyefiwa na mtoto, yanaweza kumfikisha mama mkwe kaburini. Mhubiri huenda asinyanyue panga, lakini ameonyesha shingo.

Ugonjwa na pepo

Eneo jingine la hatari ni afya. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, hawali chungu kimoja na wenzao, na wengine wana makovu ya kuangukia moto. Wengi waliopewa dawa na kuzitumia kila siku walipata nafuu, wakarudi kulima na kuishi na watu. Utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa cha eneo hilo na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa mitoni.

Kama kila aliyeanguka chini angeendelea kukemewa tu, wagonjwa hao wangeendelea kuungua.

Kwa Nyanda za Juu Kusini suala kubwa zaidi ni Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa katika mikoa ya Njombe na Iringa takriban watu wazima 11 kati ya 100 walikuwa wanaishi na virusi, na Mbeya takriban 9, ilhali wastani wa taifa ulikuwa karibu 5. Hakuna usharika katika mikoa hii usiokuwa na familia iliyoguswa.

Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na mtu anayezitumia vizuri huishi, hufanya kazi na hulea watoto wake. Anayeambiwa katika maombezi kwamba pepo la Ukimwi limetoka, na kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani, anaambiwa jambo linaloweza kumuua. Anapofariki baada ya miezi kadhaa, aliyemwambia hayupo kwenye orodha ya waliohojiwa.

Hospitali za Kikristo katika nyanda hizi zilijengwa na watu wale wale waliofundisha kumpinga Shetani. Hospitali ya Tosamaganga ya Wakatoliki, Ilembula na Ilula za Walutheri, na Mbozi ya Wamoraviani ni ushahidi kwamba kwa mapokeo hayo sindano na sala zilitoka katika nyumba moja. Anayeitenganisha miwili hiyo ndiye aliyeleta fundisho jipya.

Tangu Jumatatu hadi Jumamosi

Je, Mkristo wa Mwanjelwa au wa Kihesa afanye nini basi? Tukiyasoma Maandiko na mapokeo yaliyotajwa hapo juu kwa pamoja, mambo matano yanajitokeza.

Kwanza ni hasira. Mgogoro wa kiwanja, wa urithi au wa deni usiachwe ulale miezi. Mtu aende kwa ndugu yake na kusema kinachomuuma, ikibidi mbele ya mzee wa kanisa au mjumbe wa mtaa. Tuhuma nyingi za uchawi, zikichimbwa, hukutwa zimeota juu ya ugomvi wa zamani ambao haukusuluhishwa.

Pili ni ulimi. Kabla ya kurudia habari kwamba fulani ana mambo ya giza, muumini ajiulize kama yuko tayari kusimama mahakamani na kulithibitisha. Kama hayuko tayari, anyamaze. Kunyamaza huko ni kumpinga Ibilisi kwa maana kamili ya Yakobo.

Tatu ni tamaa. Utajiri wa haraka ndio uliowapeleka watu kwa waganga wapiga ramli waliodai viungo vya binadamu. Utajiri wa haraka huo huo, ukivikwa kanzu ya mahubiri, humfanya muumini atoe ada ya shule ya mtoto akisubiri muujiza. Paulo alipendekeza kazi ya mikono na kumgawia mhitaji. Pendekezo hilo halijapitwa na wakati.

Nne ni kiasi. Ulanzi hugemwa kwenye mianzi na hupatikana kwa wingi wakati wa mvua, nazo komoni na kimpumu ni vinywaji vya kale. Kanisa moja hukataza kabisa, jingine huruhusu kwa kipimo. Wote, hata hivyo, wanakubaliana kwamba mlevi hawezi kukesha, na asiyekesha ndiye anayetafutwa na yule simba wa Petro.

Tano ni kutokuwa peke yake. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970. Walutheri na Wamoraviani wana ibada za nyumba kwa nyumba, nao Wapentekoste wana vikundi vya seli. Majirani wanaosali pamoja kila wiki, wanaojua ni nani anaumwa na ni nani amekosa unga, huwa vigumu kugeuzana wachawi.

Mjane mzee akitembelewa na jumuiya yake kila Alhamisi, mlinzi wake ni jumuiya hiyo. Akiachwa peke yake kwenye kibanda chenye moshi, siku mtoto wa jirani atakapougua atakuwa wa kwanza kushukiwa. Kwa hiyo kumpelekea mwanamke huyo kuni na sukari ni sehemu ya vita vya kiroho, ingawa haitangazwi kwa vipaza sauti.

Viongozi wa dini nao wana wajibu wao. Wanaweza kukubaliana, katika kamati zao za pamoja za mikoa, kwamba hakuna mhubiri atakayemtaja mtu kwa jina au kwa ishara kuwa ndiye aliyemroga mwingine, na kwamba hakuna mgonjwa atakayeambiwa aache dawa. Makubaliano hayo mawili hayagusi fundisho la kanisa lolote. Hayamzuii mtu kusali, kufunga wala kuamini kwamba Ibilisi yupo.

Anayeamini kwamba Shetani yupo ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu kuliko asiyeamini. Maandiko yanamwita mshitaki na baba wa uongo. Kama hiyo ndiyo kazi yake, basi kijiji kinachomshitaki kikongwe kwa uongo hakijampinga Ibilisi hata kidogo. Kimemfanyia kazi yake.